Sentensi Uliyoiacha Ubaoni

Mwalimu, shikamoo.

Najua umekunja uso. Tangu lini mume akamwamkia mkewe? Lakini wewe umetangulia, na aliyetangulia kufika mahali ndiye mkubwa wa hapo. Mimi bado niko njiani na fimbo yangu, kwa hiyo ipokee mapema, usije ukanidai nikifika nimechoka.

Nakuandikia nikiwa mezani kwako, katika chumba cha mbele, kile ulichokigeuza darasa bila kuniuliza. Kalamu ni ile yako nyekundu. Nimeichukua makusudi. Wewe ukitaka kunisahihisha itabidi utumie rangi hiyohiyo, na hapo hakuna atakayejua kosa lipi ni langu na lipi ni la Mwalimu.

Nyumbani ni kwema. Migomba imezaa, ile ya kando ya choo imezaa kuliko yote na wageni wanaisifu bila kuuliza inakula nini. Ng'ombe wako mwekundu ananichukia kama zamani. Nikienda kumkamua anageuka kunitazama, anaona sivyo alivyotarajia, anapiga ndoo teke. Simlaumu. Hata mimi asubuhi nikigeuka kitandani natazama, naona sivyo.

Tuyaache hayo.

Eliamani, binti yako, anataka nihamie kwake mjini, Themi. Nasema binti yako kwa sababu hilo la kung'ang'ania jambo hakulitoa kwangu. Kila jioni simu. "Baba, utakaa huko peke yako mpaka lini?" Kwake kuna bomba ndani ya nyumba, kuna televisheni pana kama mlango wa zizi, na geti linafungwa mchana kweupe. Nikamwambia, mwanangu, ukiniweka nyuma ya geti nitaanza kubweka. Akacheka, halafu akalia, halafu akasema nifikirie. Nimefikiria. Jibu langu liko humu ndani ya barua, ila linapitia kwenye darasa lako, kwenye mfereji, na kwenye vitunguu vya jirani yetu Anaeli. Kaa vizuri.

Unaikumbuka siku ile ya mwisho uliyofundisha. Masika ilikuwa inapiga bati hata tukawa tunaelewana kwa mikono. Walikuwepo wanafunzi wako watatu. Godlisten wa bodaboda, Mchaga yule ambaye akinyamaza watu wanamshika paji la uso kuona kama ana homa. Mama Upendo, anayeshusha ndizi soko la Kwa Mrombo. Na Nasinyari, muuza maziwa, dada wa Kiarusha asiyeinua macho, aliyekuita Yeyo kama anavyoitwa mama kwao. Wote uliwaandaa kwa usaili wa ile hoteli ya wageni iliyokuwa inamalizwa kujengwa upande wa Kisongo. Mimi nilikuwa nyuma kabisa nachambua maharage, najifanya sisikii. Ulijua nasikia. Ndiyo maana ulipaza sauti.

Ulikuwa unawafundisha namna Mwingereza anavyosema lengo na namna anavyosema matokeo. Ukaandika mstari wa kwanza: We close the door so that the rain does not come in. Ukaeleza: tunafunga mlango ili mvua isiingie. Hilo ni lengo, ukasema, ni jambo ambalo mtu analitaka, halijawa bado. Ukaanza mstari wa pili, wa matokeo: The rain was so heavy that. Mvua ilikuwa kubwa hata. Hapo ukasimama. Chaki ikabaki inagusa ubao. Ukasema, "Subirini kidogo," ukavuta kiti ukakaa, mkono kifuani.

Mpaka leo tunasubiri.

Pikapu ya Anaeli ndiyo iliyokushusha hospitali. Lazima niliseme, hata kama sipendi kumsifu mtu aliyekutaka kabla yangu. Aliendesha kwenye matope yale kama kijana. Na pikapu hiyohiyo ndiyo iliyokurudisha, ukiwa umelala kwenye sanduku, masika ikiwa haijaisha.

Baada ya maziko nilikataza mtu kugusa ubao. Eliamani alikuja na kitambaa chenye maji, akafuta meza, akafuta madirisha, alipofika ubaoni nikamwambia, "Hapo acha." Akaacha. Nafikiri hapo ndipo alipoanza habari za Themi.

Basi, matanga yamekwisha, wageni wametawanyika, nimekaa zangu kibarazani naongea na kuku. Jumatano alasiri nikaona watu watatu wanapandisha njia na madaftari yao. Wakaamkia, nikaitikia. Wakaingia darasani, wakakaa kwenye benchi, kila mtu mahali pake.

Nikasimama mlangoni. "Mwalimu hayupo," nikasema.

"Tunajua, Babu," Nasinyari akajibu. "Tulikuwepo kumzika."

"Sasa mmekuja kufanya nini?"

Godlisten akasema, "Babu, hoteli imekaribia kufunguliwa. Wametangaza usaili. Na Mwalimu alituacha katikati ya somo."

"Mimi niliacha shule darasa la nne nikachunge ng'ombe."

"Si haba," akasema. "Sisi tuko darasa la nusu."

Ungekuwa peke yako na yule kijana ungemchapa. Mimi nilitaka kuwafukuza. Nikamwona Nasinyari ameshika kona ya daftari kwa vidole vyote, anautazama mstari wako ule ambao haujaisha. Akasema polepole, akiiambia sakafu, "Safari hii nikinyamaza, Babu, binti zangu watarithi madumu."

Nikakumbuka mambo uliyoniambia tukiwa tumelala, mimi nikiwa namsema. Nilisema yule dada ni mzito, alikwenda usaili wa mahali pengine wakamuuliza kwa nini anataka kazi, akatazama miguu yake mpaka wakamwita mwingine. Wewe ukanigeukia na mabega yote. Ukasema Nasinyari hajakosa Kiingereza, daftarini anaandika kuliko wenzake wote. Amekosa kuulizwa. Tangu amezaliwa ameambiwa tu: chunga, olewa, kamua, beba. Mume naye kaenda Mirerani kuchimba vito, kachimba mpaka kapotelea humo. "Sentensi ya lengo," ukasema, "inahitaji mtu anayetaka kitu na asiyeona aibu kukitaka." Nikakujibu kwamba mimi sentensi hiyo ningeiweza usiku huohuo. Ukanipiga kibao begani.

Kwa hiyo nikaingia. Nikakaa kwenye kiti chako. Kilinichoma makalio kwa hofu, Mwalimu, nakwambia kweli.

Wewe unajua Kiingereza changu nilikisoma wapi. Nilikisoma nyuma ya malori nikiwa utingo wa magari ya kahawa. Naweza kukwambia usipite, gari refu, hatari inawaka moto, na weka umbali. Kwa elimu hiyo nikaanza kufundisha. Godlisten akaniuliza swali la kwanza tu, nikaona jua linazama. Akasema, "Babu, hapa juu kuna so na that, na hapa chini kuna so na that. Zinatofautiana nini?"

Nikautazama ubao. Nikautazama tena. Nikakohoa kama wanavyokohoa walimu. Halafu nikawaambia hivi: hawa wawili ni bwana na bibi harusi. Wakiwa wamekaa karibukaribu, so that, ujue bado wanatakatakana, mambo hayajatokea. Ukiona kitu kimeingia katikati yao wakaachana, so kitu fulani that, ujue mambo yameshatokea, ni kuhesabu hasara.

"Babu noma," akasema Godlisten.

Mama Upendo akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshasikia nilichokisema. Nikawaambia waandike mfano, nikatoka nje kuwafukuza kuku ambao hawakuwepo.

Tukaendelea hivyo. Nasinyari alikuwa anaandika sawasawa, lakini ukimwambia atamke, midomo inatembea na sauti haitoki. Nikaona chumba kile kinamkaba. Kinanikaba na mimi, kwa vile ubao ule ulikuwa unatutazama. Jumatano moja nikasema, leo tunasoma mferejini. Niliona kwamba mtu akishika kitu mkononi, ulimi unasahau aibu. Na Jumatano, wewe unajua, ndiyo zamu yetu ya maji tangu tuoane.

Hapa sasa unikunjie uso vizuri. Mzee wa mfereji, yule anayegawa zamu za maji, alikuwa amepita nyumbani wakati wa matanga. Akaniambia zamu ile ilikuja na wewe, kwa upande wa baba yako, kwa hiyo imeondoka nawe mpaka wazee wakae wapange upya. Kwa sasa Jumatano imepewa Anaeli. Nilimsikia. Ila nilimsikia kwa sikio la mfiwa, na sikio la mfiwa ni kama chujio.

Tukafika kwenye ukingo. Nikashika kipande cha mgomba, nikawaambia watazame. Nikasema kwa Kiingereza, taratibu, naweka mgomba hapa ili maji yaende kwenye maharage yangu. Wakarudia. Nasinyari midomo yake ikatembea. Nikaongeza majani, nikakandika udongo, Godlisten akaongeza jiwe ambalo hakutumwa. Lengo letu likawa zuri kabisa, limekaa kama kinywa cha mtungi.

Kumbe huko juu msituni mvua ilikuwa imenyesha. Maji yakashuka yakiwa na haraka zake. Yakafika kwenye mgomba wetu, yakauliza njia, yakaukosa mlango wa maharage kwa sababu ni mdogo, yakapanda, yakalala ubavu, na ukingo wa chini wote ukaondoka kama mkate uliolowa. Chini ya ukingo ule kuna nini? Kitalu cha vitunguu cha Anaeli. Miche laini, iliyopangwa mstari kwa mstari kama kwaya.

Hatukumwita. Alikuja mwenyewe, gambuti miguuni, jembe begani.

"Nani kafungua maji leo?"

"Mimi," nikasema. "Jumatano ni yangu."

"Jumatano ilikuwa ya Mwalimu."

Alisema bila ukali, na ndiyo sababu iliniuma. Angenitukana ningejua la kufanya. Nikatafuta neno la kumrudishia, nikachukua lililokuwa karibu, nalo lilikuwa chafu. "Mwalimu ulimtaka ukamkosa," nikamwambia mbele ya wale vijana. "Sasa umeona heri uchukue Jumatano yake."

Anaeli akashusha jembe. Hakulitupa, alilishusha, akalishika vizuri. Mimi nikashika fimbo. Ungetuona, Mwalimu. Vikongwe wawili, mmoja goti bovu na mwingine jicho bovu, tumesimama kwenye matope tunataka kuuana kwa ajili ya siku ya juma.

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu, kubwa, ya mwanamke, kwa Kiingereza kilichonyooka: "Babu blocked the water so that we can learn. The water was so much that your onions are swimming."

Nasinyari. Macho ameinua, anamtazama Anaeli usoni.

Anaeli akanigeukia. "Kasemaje huyu?"

"Anasema Babu alizuia maji ili tujifunze," Godlisten akatafsiri haraka. "Na maji yamekuwa mengi mpaka vitunguu vyako vinaogelea."

Anaeli akageuka kutazama kitalu. Kweli vilikuwa vinaogelea, vimeinua vichwa vya kijani, vinakwenda kwa Mama Kaaya, jirani wa chini. Akasema, "Mwambie havijui kuogelea."

Mama Upendo ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Godlisten. Mimi nilijizuia nikashindwa. Anaeli mwenyewe hakucheka, ila mdomo wake upande mmoja uliniambia kwamba akifika nyumbani atacheka peke yake. Akaweka jembe begani akaenda zake, na njia aliyoshika ilikuwa ya kwa mzee wa mfereji.

Nasinyari akakaa chini palepale kwenye matope. "Babu," akaniambia, "nimesema mbele ya wanaume."

"Umesema," nikamwambia. "Na wanaume wote bado wazima."

Hukumu ilikuja upesi. Nifukue mfereji sehemu yetu yote, na nisiguse maji mpaka nimepatana na Anaeli. Kufukua tulifukua pamoja, mimi na darasa lako, tukiongea Kiingereza cha majembe. Kupatana ndiko kulikonishinda. Lile neno chafu lilikuwa limebaki katikati yetu, nami kuomba radhi sijui, wewe ndiye uliyekuwa unaniombea. Ulikuwa unafika kwa watu na sahani ya kitu umefunika, unasema, "Baba Eliamani amekasirika kwa sababu amekosa," na yanakwisha.

Jumapili baada ya ibada nikaenda nyuma ya nyumba, kwako. Masale niliyoyapanda kuzunguka kaburi yameshika vizuri, sasa yanafika kiunoni. Unajua yalikotoka, niliyakata kwenye yale uliyoyapanda wewe kaburini kwa mama yangu. Nikasimama pale. Nikachuma jani moja, refu, lisilo na doa, nikalifunga fundo kama alivyonifundisha baba. Nikashuka nalo kwa Anaeli.

Sina haja ya kukwambia jani la sale ni nini. Mtu akikuletea, hata kama alikuchomea nyumba, humrudishi nalo. Hakuna maneno mengi. Unalipokea au unajitoa kwenye watu.

Anaeli alikuwa anakunywa chai kibarazani. Akaliona jani kabla hajaniona mimi. Akauliza, "Umelitoa wapi hili?"

"Unajua lilikotoka."

Akaweka kikombe chini. Akavua kofia yake ile ya sufu ambayo nilidhani imeshonewa kichwani. Akalipokea kwa mikono miwili, akalitazama.

"Basi Mwalimu amekuja kuniomba radhi mwenyewe," akasema.

"Ninayeomba ni mimi."

"Wewe hujui kuomba. Ameomba yeye. Nimekubali." Halafu akanimiminia chai, na bila kunitazama akasema, "Ni kweli nilimtaka. Baba yake akasema mimi nina haraka. Akampa utingo." Akacheka kidogo. "Na mimi ndiye niliyekuja kumpakia kwenye gari."

Tulikunywa chai ile mpaka ikapoa.

Wakati naondoka nikamtazama vizuri ule uso wake. Mkubwa, umefungwa, nyusi kama paa la nyumba ya zamani. Nikajiambia, huyu ndiye niliyekuwa namtafuta. Maana wanafunzi wako walinijua mno, mimi nikiwauliza swali wanacheka. Nilihitaji bosi. Nikamwambia, "Jumatano njoo darasani. Vaa koti la kanisani."

Nilimfundisha swali moja tu: Why? Kwa nini? Akalishika upesi, akalipenda kama mtoto aliyepewa filimbi. Akakaa kwenye kiti chako. Ndiyo, kiti chako. Vumilia. Godlisten akaenda mbele akaongea mpaka Anaeli akasahau swali lake. Mama Upendo akajibu vizuri. Kisha Nasinyari akasimama, mikono nyuma.

Akasema anaitaka kazi hii.

"Why?" akauliza Anaeli, nyusi zote chini.

So that, akasema Nasinyari, ili binti zangu wabaki shuleni.

"Why?"

Ili wasibebe maziwa kama mimi.

"Why?"

Hapo nikaona macho yake yanaanza kushuka kutafuta sakafu, nikasema moyoni, imekwisha. Yakafika katikati yakasimama. Yakapanda tena. Akasema taratibu, kila neno analiweka chini kama mtungi uliojaa: "So that somebody will ask them what they want."

Ili watokee watu wa kuwauliza wanataka nini.

Godlisten, huyo huyo Godlisten, akatazama dirishani. Mimi nilikuwa na maharage mkononi nikawa nayabana tu. Ni lile neno lako, Mwalimu. Sijui ulimwambia au alilifikia mwenyewe kwa njia yake.

Na Anaeli, ambaye hakuelewa hata kitu, akajiweka sawa kwenye kiti akauliza, "Why?"

Siku ya usaili Godlisten aliwabeba wanawake wote wawili mpaka Kisongo, mmoja baada ya mwingine, kisha akaingia na yeye. Mimi nilikaa njiani natengeneza uzio. Anaeli akaja kunisaidia. Uzio ulikuwa mzima. Tuliufungua tukaufunga upya, tukaufungua tena.

Jioni wakarudi. Nikamuuliza Nasinyari, "Wamekuuliza kwa nini?"

"Hapana, Babu."

"Wamekuuliza nini?"

"Kama naweza kutandika kitanda. Na kama naogopa ngazi."

Mwalimu, niliona giza. Jumatano zote zile. Vitunguu vile. Nikamtazama Anaeli, naye akanitazama na uso wake ule wa bosi ambao haukuwa na kazi tena.

"Nikajibu," akaendelea Nasinyari. "Wakasema asante, unaweza kwenda. Nikafika mlangoni. Nikarudi. Nikawaambia, samahani, hamjaniuliza kwa nini. Halafu nikawaambia."

"Ukawaambia yote?"

"Yote. Yule mama wa katikati akavua miwani."

Wakampigia simu kabla juma halijaisha. Sasa anafanya kazi huko, ana sare ya bluu, na wasichana wake wanapita hapa asubuhi wanaamkia wakiwa wamebeba mabegi tu mgongoni. Godlisten hakupata. Walimwambia anaongea sana. Amekata rufaa kwa maneno mengi. Mama Upendo walimpenda, yeye akawakataa. Anasema alipoona ngazi zile akazikumbuka ndizi zake kwa upendo. Kwa hiyo ukiniuliza lengo lilikuwa nini na matokeo yamekuwa nini, nitakwambia hayakuonana njiani, kila moja lilipita njia yake, ila yote yamefika nyumbani.

Nasinyari akiwa na mapumziko anapanda kutuona. Wamemfundisha kukunja taulo mpaka liwe ndege, eti wageni wanalala vizuri wakimkuta ndege kitandani. Akaniomba kitenge chako, kile cha kijani. Akakikunja hapa mezani, akavuta shingo, akasimamisha mkia, akakiweka kwenye kiti chako. Tangu siku hiyo Anaeli anakaa kwenye benchi na wengine. Hakuna aliyemwambia.

Nimesema na wengine kwa sababu wapo wengine. Wamesikia. Wamekuja dada wawili kutoka bondeni, na mjomba wa Mama Upendo, na mlinzi mmoja anayesinzia. Ndiyo maana nilimwambia Eliamani kwamba Themi nitakuja Krismasi, nile pilau, nitazame ule mlango wa zizi unaoongea, nirudi. Akasema, "Baba, unafundisha Kiingereza? Wewe?" Akacheka mpaka nikasikia kicheko chako ndani yake. Anakuja mwezi ujao kukaa nyuma ya darasa. Nimemwandalia maharage ya kuchambua.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonikalisha niandike.

Jumatano hii ubao haukutosha. Yule mlinzi akashika kitambaa, akauliza, "Babu, nifute hapa?" Darasa zima likamkodolea macho maskini ya Mungu. Anaeli akaanza kunyanyuka. Nikasema, "Leta chaki."

Nikaenda mbele. Mwandiko wako ulikuwa umefifia, ila bado unasomeka, na ile nukta mahali chaki ilipogusa ilikuwa imebaki. Nilikuwa nimefikiri sana ungemalizia nini. Labda mvua ilikuwa kubwa hata mto ukafurika. Labda hata hatukusikiana. Ungeweka kitu cha vitabuni, kilicho sahihi. Mimi sina cha vitabuni. Nikaandika kilichopo, kwa herufi zangu za darasa la nne, zinazopanda mlima:

The rain was so heavy that we are still here.

Mvua ilikuwa kubwa hata bado tupo hapa.

Mama Upendo akasema kuna kosa mahali fulani. Najua. Nimekuachia kosa hilo, nawe usilisahihishe. Baadaye, wote walipokwisha kwenda, nilifuta ubao kwa mkono wangu, kwa kitambaa kikavu, polepole. Haikuniuma kama nilivyodhani. Iliuma, lakini si hivyo.

Nakuahidi masale yako nitayapogolea, na ng'ombe wako nitamwimbia mpaka anizoee au afe kwa kero. Maji tumepewa tena, Jumatano, nusu yetu nusu ya Anaeli, na wazee wa mfereji bado wanaiita Jumatano ya Mwalimu. Na mlango wa darasa utakuwa wazi siku hiyo muda wote nitakaokuwa na miguu ya kuufikia. Miguu ikikataa, Nasinyari ameniambia atashika yeye. Sikumwomba. Nilimuuliza anataka nini, ndicho alichosema.

Lala salama, Mwalimu wangu. Ile shikamoo ya juu huko hujaiitikia. Usihangaike kunijibu sasa. Iweke hiyo marahaba mahali pazuri, nitakuja kuichukua mwenyewe.

Mimi mwanafunzi wako wa nyuma,
Baba Eliamani